SAMAKI AZUNGUKAYE KAMA PIA
Hotuba juu ya mnyoo wa matopeni na ugonjwa wa trauti



Wazee walisema ya kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Neno hilo ni kweli katika tenga la mchuuzi. Lakini uko ugonjwa mmoja wa samaki walio hai ambao haufuati methali hiyo hata kidogo. Mtu akimchukua samaki mwenye ugonjwa huo, akamtia katika tangi la maji safi lisilo na tope, pamoja na samaki mia walio wazima, wale mia hawatashikwa na ugonjwa. Lakini samaki yule yule akifa katika bwawa la udongo, akaozea matopeni, huenda baada ya miezi michache watoto wa samaki waliomo bwawani wakaanza kuzungukazunguka kama pia, wakafa kwa wingi.

Ajabu hiyo iliwashinda wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa muda wa miaka 90 hivi. Walimpasua samaki, wakampima, wakamtazama kwa hadubini, wala hawakupata jibu kamili. Sababu ni kwamba jibu halikuwa ndani ya samaki peke yake. Nusu yake ilikuwa imelala chini ya maji, katika tope, ndani ya mnyoo mwembamba ambaye watu walimwona kila siku na kumdharau.

Samaki mwenyewe ni trauti, samaki wa maji ya baridi na yaendayo kasi. Zamani hakuwapo katika mito ya Kenya. Mayai ya kwanza yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, na watoto wake wakatiwa katika mto Gura, uteremkao kutoka milima ya Nyandarua. Huyo alikuwa trauti wa rangi ya kahawia, mwenyeji wa Ulaya. Trauti wa aina ya pili ana mstari mwekundu ubavuni na rangi zing'aazo kama za upinde wa mvua. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, katika mito imwagikayo katika bahari ya Pasifiki, naye aliletwa Kenya kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1910. Mwaka 1948 kituo cha kutotolea mayai ya trauti kilianzishwa huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Siku hizi wako wakulima wa nchi za baridi, kandokando ya Mlima Kenya na Nyandarua, wafugao trauti wa upinde wa mvua katika mabwawa yao na kuwauza. Kwa hiyo habari za ugonjwa huu, ingawa zilianza mbali, zinamhusu kila mtu ategemeaye samaki huyo kwa chakula au kwa ada ya shule ya watoto wake.

Habari zenyewe zilianza hivi. Katika miaka ya 1880 Wajerumani waliagiza trauti wa upinde wa mvua kutoka Marekani, wakawatia katika mabwawa yao. Haukupita muda mrefu, watoto wa trauti hao wakaanza kuugua ugonjwa usiojulikana. Mwaka 1893 ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza huko Ujerumani, na mtaalamu wa magonjwa ya samaki, Bruno Hofer, akaueleza. Mtoto wa samaki akiwa mgonjwa hupotewa na njia ndani ya maji. Akishtuka, au akijaribu kukamata chakula, huanza kuufukuza mkia wake mwenyewe, akizunguka na kuzunguka mpaka nguvu zikamwishia, akazama. Mkia hugeuka kuwa mweusi. Wale wasiokufa hukua wakiwa na kichwa kilichobonyea, taya lililopinda, na uti wa mgongo uliopindika kama mundu. Samaki wa namna hiyo hana thamani sokoni.

Jambo moja liliwashangaza wenye mabwawa. Trauti wa kahawia alikaa katika maji yale yale, lakini yeye hakudhurika sana. Siku hizi sababu inafahamika. Kimelea aletaye ugonjwa huo alikuwa Ulaya tangu kale pamoja na trauti wa kahawia, na samaki huyo alikwisha kumzoea kwa vizazi vingi. Trauti wa upinde wa mvua alikuwa mgeni, asiye na ngao.

Hapana budi kulieleza neno hilo, kimelea. Kimelea ni kiumbe aishiye ndani ya kiumbe mwingine au juu yake, akila jasho la mwenye nyumba bila kulipa kodi. Kupe ni kimelea wa ng'ombe, na tegu ni kimelea wa tumbo la mtu. Kimelea wa ugonjwa wa trauti huitwa miksobolusi. Ni mdogo mno. Mbegu zake mia moja zikipangwa katika mstari mmoja hazifikii urefu wa milimita moja. Wataalamu walipopasua vichwa vya samaki wagonjwa waliziona mbegu hizo kwa maelfu, zimejazana katika gegedu, yaani mfupa laini usiokauka bado, kama ule wa sikio la mtu.

Basi wakadhani kazi imekwisha. Walichukua mbegu zile zikiwa mpya, wakawalisha samaki wazima. Samaki hawakuugua. Wakajaribu tena, wasifanikiwe. Lakini mbegu zilipowekwa kwanza katika tope la bwawa kwa miezi mitatu au minne, kisha samaki wakatiwa humo, ugonjwa ulitokea. Kwa hiyo wakasema kwamba mbegu hizo hutoka kwa samaki zikiwa mbichi, na ni lazima zilale matopeni mpaka ziive, kama ndizi zifukiwavyo shimoni. Maneno hayo yaliingia vitabuni, yakafundishwa miaka mingi. Yalionekana kuwa na maana, lakini hayakuwa kweli.

Walioivumbua kweli ni wataalamu wawili wa Marekani, Ken Wolf na Maria Markiw, waliofanya kazi katika maabara ya magonjwa ya samaki huko Leetown, katika jimbo la West Virginia. Hao hawakuuliza tu, "Mbegu huivaje?" Waliuliza, "Ni nani mwingine akaaye katika tope hilo?" Wakawachunguza viumbe wa matopeni. Palipokuwa na mnyoo wa aina moja, aitwaye tubifeksi, ugonjwa ulitokea; mnyoo huyo alipokosekana, haukutokea. Mwaka 1984 walitangaza habari zao kwa ulimwengu. Wako wataalamu waliokataa kusadiki, maana habari hizo zilipindua mambo yaliyofundishwa tangu zamani. Lakini mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani walifanya majaribio yao wenyewe, wakaona mambo yale yale.

Tubifeksi ni jamaa ya nyungunyungu, lakini ni mwembamba kama uzi, na ni mwekundu kwa sababu ya damu yake. Hukaa kichwa chini, ndani ya tope, akila tope lenyewe, na mkia wake hupunga majini kutafuta hewa. Anaweza kuishi mahali penye uchafu ambapo viumbe wengine hufa kwa kukosa hewa. Palipo na samadi, mabaki ya chakula cha samaki, au udongo mwingi uliochukuliwa na mvua kutoka mashambani, minyoo hawa huongezeka, wakaonekana kama zulia jekundu chini ya maji.

Sasa safari ya kimelea yaweza kuelezwa tangu mwanzo hata mwisho.

Samaki mgonjwa akifa, mwili wake huoza, na mbegu zilizokuwa katika mifupa yake hutawanyika na kuzama. Samaki mmoja aweza kuacha mbegu zaidi ya milioni moja. Mbegu hizo zina ganda gumu, na zaweza kungoja matopeni muda mrefu. Ndege kama korongo akimla samaki huyo, mbegu hupita tumboni mwake bila kufa, zikaanguka pamoja na mavi yake katika maji mengine. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza kuvunjika na safari kuanza.

Tubifeksi alapo tope, huzimeza mbegu hizo. Ndani ya utumbo wake ganda hufunguka, na kilichomo hupenya katika nyama ya utumbo, kikaanza kukua na kugawanyika. Mnyoo hafi, ila nguvu zake za kuzaa hupungua. Baada ya miezi mitatu hivi, kama maji ni ya baridi ya kadiri, mnyoo huanza kutoa kitu kisichofanana kabisa na mbegu aliyoimeza. Kina umbo la nanga yenye mikono mitatu mirefu, nacho huelea majini. Mnyoo mmoja aweza kutoa nanga hizo kwa maelfu.

Nanga ina maisha mafupi. Isipompata samaki katika siku chache, hufa. Lakini ikimgusa trauti, hufyatua nyuzi ndogo zilizokunjwa ndani yake, ikajishika katika ngozi, kisha chembe hai zilizomo, zipatazo 64, huingia mwilini. Jambo hilo halichukui muda. Nanga hujishika mara moja, na baada ya dakika chache chembe zimekwisha kuingia. Toka ngozini chembe hufuata mishipa ya fahamu, zikapanda mpaka uti wa mgongo na kichwani. Huko zinakuta gegedu, na gegedu ndiyo chakula chao.

Ndiyo maana wanaoumia zaidi ni watoto wa samaki. Mifupa yao bado ni gegedu tupu. Gegedu ikiliwa na kuvimba, huibana mishipa ya fahamu karibu na shingo, na samaki hawezi tena kuuongoza mwili wake. Hapo ndipo anapozunguka kama pia. Mishipa itawalayo rangi ya mkia nayo ikibanwa, mkia huwa mweusi. Trauti wa upinde wa mvua akifikisha umri wa majuma tisa na urefu wa sentimita nne hivi kabla hajakutana na nanga, mara nyingi huokoka, kwa sababu mifupa yake imeanza kukauka. Lakini aweza kuwa mchukuzi wa mbegu bila kuonyesha ugonjwa. Miezi mitatu hivi baada ya nanga kuingia, mbegu mpya zenye ganda gumu huwa tayari kichwani mwa samaki, zikingoja afe. Mzunguko umetimia.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini methali ya samaki mmoja haikufaa. Mbegu itokayo kwa samaki haiwezi kumwambukiza samaki. Inaweza kumwingia mnyoo tu. Na nanga itokayo kwa mnyoo haiwezi kumwambukiza mnyoo. Inaweza kumwingia samaki tu. Kila mmoja ni daraja la mwenzake, na daraja moja likivunjwa, msafiri hafiki.

Mambo ya namna hii si mageni katika Afrika. Kichocho nacho hufuata njia ya madaraja mawili. Mayai yake hutoka katika mkojo wa mtu, yakaingia majini, lakini hayawezi kumwambukiza mtu mwingine mpaka mdudu wake apitie kwanza katika konokono. Ndipo atokapo akiwa na umbo jingine na kupenya katika ngozi ya mtu aogaye au avukaye mto. Jambo hilo lilithibitishwa na Robert Leiper huko Misri mwaka 1915. Aliyekwisha kufahamu habari za kichocho na konokono amefahamu nusu ya habari za trauti na tubifeksi.

Ugunduzi wa mwaka 1984 ulifundisha na jambo jingine. Kabla yake, vitabu vya elimu vilimweka kimelea wa samaki katika ukoo mmoja, na zile nanga za minyoo katika ukoo mwingine kabisa. Kumbe alikuwa mmoja. Ilikuwa kama karani aliyemwandika mtu mmoja mara mbili katika daftari, mara kwa jina la nyumbani na mara kwa jina la mjini, akadhani ana raia wawili. Tangu hapo jamaa wengine wengi wa kimelea huyu wameonekana wakisafiri kati ya samaki na minyoo ya majini. Na uchunguzi wa damu ya ukoo wao umeonyesha kwamba wao ni ndugu wa konyeza, yule wa baharini amwashaye mwogeleaji. Zile nyuzi zifyatukazo za nanga ni silaha ya konyeza iliyobaki.

Yawezekana mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya wenye hadubini, wala hayamfai mfugaji. Yaliyotokea Marekani yanajibu neno hilo. Ugonjwa huu ulionekana huko Pennsylvania katika miaka ya 1950. Haukuvuka bahari kwa nguvu zake wenyewe. Ulichukuliwa na watu, waliosafirisha samaki toka nchi hata nchi. Katika miaka ya 1980 uliingia jimbo la Colorado pamoja na trauti hai walioagizwa kutoka jimbo jingine. Walioagiza hawakuwa na nia mbaya, walitaka kuongeza samaki. Lakini kutoka katika mabwawa ugonjwa ulishuka mitoni. Katika jimbo la Montana, katika mto Madison uliosifiwa ulimwenguni kwa uvuvi, mwaka 1994 iligunduliwa kwamba ugonjwa huu umeingia. Katika sehemu moja ya mto huo, palipokuwa na trauti kumi wa upinde wa mvua, alibaki mmoja. Watu wenye kazi za kuwaongoza wavuvi, wenye nyumba za wageni, na wenye maduka ya vyombo vya uvuvi wakaona riziki yao imo hatarini. Na ugonjwa ukishaingia mtoni, haiwezekani kuutoa. Hakuna awezaye kuyasafisha matope ya mto mzima. Umepata kuonekana katika nchi nyingi, hata Afrika ya Kusini.

Tena hakuna dawa ya kumponya samaki aliyekwisha kushikwa. Kinga peke yake ndiyo ifaayo, na kinga yote yatokana na kuujua ule mzunguko.

Kwanza, asiwepo mtu wa kuhamisha samaki hai kutoka bwawa moja hata jingine, au kutoka bwawani hata mtoni, bila shauri na ruhusa ya maofisa wa samaki. Samaki aweza kuonekana mzima, naye amebeba mbegu kichwani. Mwenye kutaka vifaranga na awanunue katika kituo kijulikanacho na kukaguliwa.

Pili, watoto wa trauti na walelewe mbali na tope. Wafugaji wa Ulaya walipoacha mabwawa ya udongo na kutumia mabwawa ya saruji kwa samaki wachanga, hasara yao ilipungua sana, hata kabla sababu haijajulikana. Maji ya chemchemi au ya kisima kirefu ni bora kuliko ya mto kwa samaki wachanga, kwa kuwa hayakupita juu ya minyoo. Mifupa ikishakauka, samaki waweza kuhamishiwa katika mabwawa ya nje.

Tatu, bwawa la udongo na likaushwe kila baada ya mavuno, tope liondolewe, na chokaa imwagwe kabla ya kujazwa tena. Mabaki ya chakula yasiachwe yakaoza chini, na samadi ya ng'ombe isitiririke bwawani. Uchafu ndio shamba la tubifeksi.

Nne, vichwa, mifupa na matumbo ya trauti yasitupwe mtoni wala bwawani. Yafukiwe shimoni mbali na maji, au yachomwe moto. Ni kazi ya dakika tano, nayo huvunja daraja la kwanza kabisa.

Tano, nyavu, ndoo na viatu vya mpira vilivyotumika katika maji ya mtu mmoja visipelekwe kwa jirani vikiwa na tope. Vioshwe, kisha vianikwe juani mpaka vikauke kabisa.

Wako pia watu waliofikiri njia nyingine. Huko Ujerumani walionekana trauti wa upinde wa mvua ambao, kwa kufugwa vizazi vingi katika maji yenye ugonjwa, walikuwa wamepata nguvu ya kuushinda. Wamarekani waliwachukua samaki hao, wakawachanganya na wa kwao, nao wakazaa watoto wenye kustahimili. Katika mito kadhaa ya Colorado watoto hao wameanza kukaa na kuzaana. Ni kazi ya miaka mingi, yenye gharama kubwa, na yote ni kwa ajili ya kurekebisha kosa ambalo lingeweza kuzuiwa kwa ukaguzi wa siku moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yafaa kumaliza kwa kuondoa hofu. Kimelea huyu hamdhuru mtu. Aliye na trauti sahanini na ale kwa amani. Wala hawashiki ngege, kambare au sangara. Ugonjwa huu ni wa trauti, salmoni na jamaa zao tu. Hofu haina kazi hapa. Kilicho na kazi ni macho.

Kwa miaka 90 watu wenye elimu kubwa walimtazama samaki, wakamsahau mnyoo. Mfugaji asimamaye asubuhi kando ya bwawa lake, akaona samaki wake wanaruka vizuri, amefanya nusu ya kazi. Na ainame kidogo, atazame na chini. Akiona zulia jekundu likipunga matopeni, ajue ya kuwa njia ya adui imo ndani ya uzio wake. Kuisafisha kabla msafiri hajafika ni rahisi. Akishafika, ni kuchelewa.